Hasili ya Nini? Neno "Alhasili" na Dhamana ya Mhakiki

Miaka kadhaa iliyopita nilisoma makala mbele ya semina ya idara juu ya Utendi wa Mwana Kupona. Nilikuwa nimeyaandaa kwa muhula mzima, na aya yake ya mwisho nilikuwa nimeitunga kwa fahari. Ilianza hivi: "Alhasili, Mwana Kupona ni sauti ya taasubi ya kiume inayotoka katika kinywa cha mwanamke." Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, mwalimu aliyestaafu lakini ambaye hakuacha kuhudhuria semina zetu, aliinua mkono. Hakuuliza juu ya utendi. Aliuliza, "Mwanangu, umesema alhasili. Hasili ya nini?" Nikamjibu kwamba ni hasili ya yote niliyoyaeleza. Akasema, "Uliyoyaeleza nimeyasikia. Nauliza hasili yake." Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ila nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu, nikiamini kwamba mzee alikuwa ameikwepa hoja yangu na kushika neno.

Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile, ingawa kwa kuchelewa. Suala lenyewe ni hili: mhakiki anayetanguliza neno la kutolea natija pale ambapo natija haikupatikana, je, anakosea kimtindo tu, au anakosea kimaadili? Walio wengi miongoni mwetu watasema ni kosa la mtindo, la kurekebishwa kwa kalamu nyekundu ukingoni mwa ukurasa. Mimi naona vingine, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kimerithi kutoka Kiarabu sehemu kubwa ya msamiati wake wa kujadiliana: hoja, dalili, hakika, hukumu, mantiki, natija. Maneno haya yalipovuka hayakubaki yalivyokuwa. Wanamantiki wa Kiarabu waliposema kiasi walikuwa na maana ya hoja nzima, yenye kauli mbili tangulizi na natija inayozifuata. Kwetu kiasi ni kadiri ya kitu, kama vile kiasi cha sukari. Natija nayo, kwa mzizi wake, inahusiana na uzazi wa wanyama: natija ni kile kinachozaliwa na kauli mbili, kama ndama anavyozaliwa. Picha hiyo haimo tena katika masikio ya msemaji wa Kiswahili.

Alhasili ni neno la aina yake katika ukoo huu. Wafasiri wa msamiati wa Kurani, hasa al-Raghib al-Isfahani, walieleza kwamba kitenzi cha mzizi huu katika umbo lake la kutendesha maana yake ni kutoa kiini katika maganda, kama dhahabu inavyotolewa katika jiwe la mgodi na ngano inavyotenganishwa na makapi. Ndiyo maana katika sura ya Al-Adiyat, ambayo ni ya 100, kitenzi hicho kinatumika kwa habari ya yaliyomo vifuani yatakapodhihirishwa. Kwa hiyo al-hasil ni kile kilichobaki baada ya vingine kuondoka. Mtu anayesema alhasili, kwa picha hii, ana ungo mkononi: amepepeta, makapi yameruka, na anatuonyesha punje zilizobaki.

Haraka ninasema kwamba sidai kuwa msemaji wa Kiswahili amefungwa na mzizi wa Kiarabu. Hoja ya aina hiyo ni dhaifu, na lugha yetu ina mfano wa kuivunja. Kiarabu kina la budda, maana yake hapana jinsi ya kuepuka, ni lazima. Sisi tumelichukua na kulifanya labda, neno la shaka! Na hapo hapo tumeuhifadhi umbu wake katika hapana budi na sina budi, ambamo ulazima umebaki mzima. Kutoka katika mzizi mmoja tuna neno la ulazima na neno la kutokuwa na hakika, na hakuna Mswahili anayeyachanganya. Asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Picha ya ungo naileta kwa sababu nyingine, kwamba inatusaidia kuona kitu ambacho matumizi yetu ya sasa yanakificha.

Kinachofichwa ni kwamba alhasili linafanya kazi mbili, na kazi hizo hazifanani. Ya kwanza ni kufupisha. Mzee wa pwani anayesimulia kisa kirefu cha mirathi au cha safari ya jahazi hufika mahali akasema alhasili, yaani nisikuchosheni, mengine niyaache, mwisho wa yote ulikuwa hivi. Hapo neno ni adabu kwa msikilizaji. Halidai kwamba kisa kimethibitisha lolote. Ya pili ni kukata hukumu: kwa kuwa hili ni kweli, na lile ni kweli, basi na hili la tatu halina budi kuwa kweli. Hapo neno ni dai, na dai zito. Mtu anayefupisha anaahidi uaminifu kwa yaliyosemwa. Anayekata hukumu anaahidi kwamba yaliyosemwa yanatosha.

Katika uandishi wa kitaaluma kazi hizi mbili zimeunganishwa bila mshono kuonekana. Mwandishi hutaja jambo katika ukurasa wa kwanza kama dhana, akalirudia katika ukurasa wa tano kwa maneno mengine, akalidokeza tena katika ukurasa wa nane, kisha akafika mwisho akasema alhasili. Kwa upande mmoja ana haki, maana kweli anafupisha aliyoyasema. Lakini msomaji analisikia neno kwa maana ya pili, na mwandishi anajua kwamba litasikika hivyo. Jambo lililosemwa mara tatu limepita likiwa limevaa joho la jambo lililothibitishwa.

Linganisha na kwa hiyo. Hiyo ni kionyeshi, na kionyeshi cha Kiswahili lazima kipatane na ngeli ya kitu kinachoonyeshwa. Nyuma yake kuna sababu iliyodondoshwa. Msomaji makini akikutana na kwa hiyo anaweza kuuliza, "Kwa ipi?", na mwandishi akalazimika kunyoosha kidole. Linganisha pia na nahitimisha kwamba. Kitenzi chetu kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha nafsi: anayehitimisha ni mimi, na ukitaka kunilaumu unajua mlango wa kubisha. Alhasili halina kionyeshi wala nafsi. Limekuja na kibainishi chake cha Kiarabu, al-, kana kwamba hasili hiyo inajulikana na kila mtu, na linasimama peke yake kabla ya mkato, bila kueleza ni hasili ya nini na ni nani aliyepepeta. Hata Waarabu wenyewe aghalabu husema hasili ya maneno, wakalipa neno mwenyewe. Sasa naona kwamba swali la mzee wangu lilikuwa la kisarufi kabla ya kuwa la kimantiki.

Isidhaniwe kwamba ninawalaumu wanafunzi. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kuwa somo la lazima la kutahiniwa, na tangu mtihani wa kwanza wa KCSE ufanywe mwaka 1989, vizazi vya vijana wa Kenya vimekaririshwa orodha za maneno ya kupamba insha: aidha, isitoshe, fauka ya hayo, na mwishoni alhasili. Walifunzwa kwamba neno hili ni pambo la aya ya mwisho, na alama zikatolewa kwa pambo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mazoea hayaondoki pamoja na mtihani. Wanafunzi hao ndio wanaotuletea tasnifu leo, nasi tuliosahihisha insha zao ndio tunaoandika makala kama lile langu.

Sasa niligeukie suala la maadili. Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1975 juu ya mantiki na mazungumzo, alitoa mfano wa mtu anayesema kwamba fulani ni Mwingereza na kwa hiyo ni jasiri. Grice anadai kwamba mtu huyo, kwa maana kali ya neno "kusema", amesema mambo mawili tu: Uingereza wa fulani na ujasiri wake. Kwamba ujasiri unatokana na Uingereza hakulisema. Amelidokeza kwa nguvu ya neno la kuunganisha. Ikiwa fulani ni Mwingereza kweli na ni jasiri kweli, lakini moja halitokani na jingine, msemaji hawezi kushtakiwa kwa kusema uwongo.

Wanaisimu huusoma mfano huu kama suala la semantiki. Kwangu mimi una jambo la kutia hofu. Maana yake ni kwamba inawezekana kuandika makala ambayo kila sentensi yake ni ya kweli, hata ya mwisho, na bado msomaji akawa amepotoshwa, na uwongo ulionipotosha usionekane popote ukitafutwa. Umejificha katika kiungo. Mtu akisema jambo la uwongo juu ya dunia, dunia yenyewe inaweza kumkanusha. Akitumia alhasili isivyostahili, hakuna cha kumkanusha ila msomaji mwenye subira ya kurudi nyuma kurasa kumi, na wasomaji wa aina hiyo ni wachache. Tunawategemea walimu waliostaafu.

Mtu atauliza: je, haitoshi kumwambia mwandishi aongeze kauli tangulizi iliyopungua? Jibu lilitolewa zamani, kwa njia ya mzaha, na Lewis Carroll mwaka 1895, katika mazungumzo ya Achilles na Kobe. Kobe anazikubali kauli mbili tangulizi lakini anaikataa natija. Achilles anaongeza kauli ya tatu, kwamba ukizikubali hizo mbili huna budi kuikubali natija. Kobe anaikubali hiyo ya tatu, Achilles akaiandika katika daftari, na natija Kobe bado anaikataa. Inaongezwa ya nne, na ya tano, na mchezo hauna mwisho. Kwa ninavyousoma mzaha huu, kuvuka kutoka kauli tangulizi hadi natija si kauli nyingine ya kuongezwa juu ya zile za mwanzo. Ni kitendo. Na kitendo kina mtendaji, na mtendaji huulizwa. Ndiyo maana siamini kwamba alhasili lisilo na hasili ni suala la mtindo peke yake.

Taaluma yetu ina mfano wa kihistoria usiohitaji kutafutwa mbali. Kwa miaka mingi iliandikwa kwamba Kiswahili kina maneno mengi yenye asili ya Kiarabu. Kwamba jina lenyewe la lugha limetokana na sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Kwamba hati zake za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kauli zote tatu ni kweli. Kisha likaja alhasili: Kiswahili ni chotara, mtoto wa Mwarabu. Hakuna aliyekuwa amepepeta. Ngeli za nomino, viambishi vya kitenzi, upatanisho wa sentensi, vyote vilivyokuwa vikipinga hitimisho hilo, havikuingizwa kwenye ungo. Guthrie alikiweka Kiswahili katika kundi lake la G miongoni mwa lugha za Kibantu, na uchunguzi wa Nurse na Hinnebusch uliochapishwa mwaka 1993 ulikionyesha kikiwa ndani ya kikundi cha Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo, Kikomoro na Kielwana. Lakini wakati huo hitimisho la kwanza lilikuwa limekwisha kuwaumiza watu: limewafanya Waswahili waambiwe kwamba mashairi yao si ya Afrika. Na wale waliotaka kuliponya jeraha hilo wakaja na alhasili lao: maneno haya ni ya kigeni, alhasili tuyafute. Kana kwamba lugha iliyokopa neno na kulizungusha hadi la budda ikawa labda haijalimiliki.

Nirudi kwa Mwana Kupona, maana deni langu liko huko. Alitunga utendi wake mwaka 1858, miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, akiwa mgonjwa. Akafariki yapata mwaka 1860. Anamwita bintiye asogee na wino na karatasi, akampa wasia. Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa kwa Kiingereza jina linalosema kwamba huu ni wasia juu ya wajibu wa mke. Jina hilo ni hitimisho lililowekwa mlangoni. Wengi wetu tumeingia kwa mlango huo, wakiwamo wale waliomshambulia mshairi kwa kutetea unyonge wa wanawake. Walifanya hivyo kwa hasira ya haki, sikatai, na hasira hiyo ilikuwa yangu pia.

Nilipokaa tena na makala yangu nikiwa na swali la mzee, nilifanya jambo dogo. Nililiondoa alhasili, nikajaribu kuandika mahali pake ni nini hasa kilichopepetwa. Nilikuwa nimetaja beti za kumhudumia mume, kumpikia na kumpepea alalapo. Sikuwa nimetaja kwamba katika beti hizo hizo mume analinganishwa na mtoto asiyejua bado kusema. Ulinganishi huo unaweza kuwa wa huruma, au wa kejeli, au wa mwanamke anayemfundisha mwenzake namna ya kutawala bila kuonekana. Mimi niliuruka kwa sababu haukufaa sentensi yangu ya mwisho. Sikuwa nimetaja kwamba sehemu kubwa ya mwisho wa utendi ni dua ya mama mgonjwa anayewakabidhi jamaa zake kwa Mungu. Sikuwa nimetaja nasaha juu ya watumwa, kwamba binti asichanganyike nao ila wakati wa kazi. Hilo la mwisho ndilo lililonitia aibu zaidi, maana niliandika "mwanamke" kana kwamba nyumba ile ya Pate au Lamu ilikuwa na mwanamke wa aina moja. Mtwana na mjakazi hawakuwamo katika hukumu yangu, wala kama washtaki.

Ann Biersteker, katika makala ya mwaka 1991, alikuwa ametaka utendi huu ufikiriwe upya kwa kuangalia lugha na mamlaka. Nilikuwa nimeyasoma makala yake. Niliyaorodhesha hata katika marejeo, lakini sikuyaruhusu yaninyime hitimisho langu.

Kuna pingamizi ambalo sipendi kulipuuza. Wenzangu wananiambia kwamba uhakiki si hesabu. Kwamba hakuna usomaji wa shairi unaotokana na beti kwa ulazima wa kimantiki. Kwamba tukingoja mpaka natija izaliwe jinsi wanamantiki wanavyotaka, hatutaandika kamwe. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Lakini ikiwa ndivyo, basi neno la ulazima ndilo lisilo na kazi, na tuna mengine: naona, nadhani, inaelekea, yawezekana. Ajabu ni kwamba anayetuambia uhakiki si hesabu ndiye huyo huyo anayefunga makala yake kwa neno la mwanahesabu. Anaomba apewe uhuru wa msanii katika kurasa zote, na heshima ya mwanamantiki katika aya ya mwisho.

Wala simwambii mtu asilitumie. Katika simulizi, katika barua, katika hotuba ndefu ambayo watu wamekwisha kuchoka, alhasili ni neno zuri na la kiungwana. Hata katika uhakiki liko mahali pake, pale ambapo msomaji ameonyeshwa punje na makapi pamoja, na yeye mwenyewe angeweza kuukamata ungo. Kigezo changu ni rahisi mno kuitwa nadharia: ninapotaka kuliandika, huandika kwanza katika karatasi ya pembeni kitu kimoja kilichoelekea kuipinga kauli yangu, na mahali nilipokijibu. Mara nyingi karatasi hiyo hubaki tupu, na neno silitumii.

Makala yale ya semina sijayachapisha. Ukurasa wa mwisho nimeuandika upya mara nne. Mzee alipata kuniuliza tena, tulipokutana njiani karibu na maktaba, kama nimekwisha kuipata hasili ya Mwana Kupona. Nikamwambia kwamba aya ya mwisho sasa inaanza kwa neno labda. Akataka kujua kama ni labda ya Kiarabu au ya Kiswahili. Nikamwambia bado naamua.